Kukosoa na Kukashifu: Somo la Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili

Katika kila jamii inayowaachia watu wake nafasi ya kusema, huwapo wanaoonesha kasoro za kazi, za mawazo na za uongozi, na huwapo pia wanaowacheka na kuwatweza wenye kazi, wenye mawazo na wenye uongozi huo. Na kwa kuwa makundi haya mawili hutumia lugha ileile na mara nyingi huzungumzia jambo lilelile, ni rahisi kwa msikilizaji kuyachanganya. Mchanganyiko huo una madhara ya pande mbili. Upande mmoja, mwenye matusi hujificha nyuma ya haki ya kukosoa, akadai kwamba anayeumia ni mtu asiyependa kuambiwa ukweli. Upande wa pili, mwenye makosa, hasa akiwa na cheo, huuita ukosoaji wa haki matusi ili asilazimike kuujibu.

Tofauti kati ya ukosoaji wenye staha na dhihaka ya matusi huelezwa mara nyingi kwa kigezo cha sauti, yaani kwamba mkosoaji husema kwa upole na mwenye dhihaka husema kwa ukali. Kigezo hicho hakitoshi, kwa kuwa upo ukali usiomvunjia mtu heshima, na upo upole uliojaa dharau. Makala haya yanashikilia kigezo kingine: ukosoaji ni kauli ambayo anayekosolewa anaweza kuipima, kuijibu na kuifanyia kazi, ilhali dhihaka humnyima nafasi hizo zote, ikamwachia njia mbili tu, kunyamaza au kurudisha tusi. Mfano utakaotumiwa kulieleza jambo hili ni mgogoro wa ushairi wa Kiswahili, uliochacha kuanzia miaka ya 1970, kwa sababu wahusika wake walikuwa mafundi wa lugha waliojua vizuri kuchoma kwa maneno, na kwa sababu waliacha vitabu vinavyomwezesha msomaji wa leo kuona ni maneno yapi yaliyodumu.

Maana ya ukosoaji na maana ya dhihaka

Ukosoaji ni kitendo cha kuchunguza jambo, kuonesha kasoro yake na kutoa sababu za kuiita kasoro. Katika fasihi, kazi hiyo ikifanywa kwa utaratibu na kwa kutaja ubora pamoja na udhaifu, huitwa uhakiki, na mwenye kuifanya huitwa mhakiki. Ukosoaji uliokamilika huwa na sehemu tatu ambazo msomaji yeyote anaweza kuzitafuta: jambo linalokosolewa, kipimo kinachotumika, na ushahidi kwamba jambo hilo halikufikia kipimo hicho. Anayesema kwamba daraja la kijiji limejengwa vibaya kwa sababu nguzo zake hazikufika kwenye mwamba ametaja daraja, ametaja kanuni ya ujenzi, na ametaja ushahidi ambao mwanakijiji mwenye koleo anaweza kwenda kuuthibitisha au kuukanusha.

Dhihaka ni kumfanya mtu kichekesho kwa nia ya kumshusha mbele ya wenzake, nayo ina sura nyingi. Kejeli na kebehi humsema mtu kwa dharau. Kijembe humchoma kwa fumbo bila kumtaja. Masimango humkumbusha wema aliotendewa ili ajione duni. Na tusi la waziwazi huacha mafumbo yote likamtaja kwa jina baya. Kinachoziunganisha sura hizi ni kwamba shabaha yake ni mtu mwenyewe, wala si alichokitenda: husemwa sura yake, kabila lake, dini yake, ukoo wake, umaskini wake, lafudhi yake au ulemavu wake. Wahenga walisema kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi, na methali hiyo inaonesha kwamba tusi halizaliwi na uchunguzi wa kosa, bali huokotwa lolote lililo karibu, mradi liume.

Wanamantiki, yaani wataalamu wa kanuni za kufikiri na kujenga hoja, huhesabu kumshambulia msemaji mahali pa hoja yake kuwa ni kosa la kimantiki, hata pale ambapo lililosemwa juu ya msemaji huyo ni la kweli. Sababu yake ni kwamba mambo mawili yasiyohusiana yamefungwa pamoja. Hata ikithibitika kwamba fundi aliyejenga daraja ni mlevi, ulevi wake hauthibitishi wala haukanushi kwamba nguzo zimefika kwenye mwamba, na kijiji kitakachotumia mkutano mzima kuuzungumza ulevi huo kitatoka mkutanoni bila kujua kama daraja linapitika.

Mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa

Ushairi wa arudhi, yaani ule unaofuata kanuni za jadi, hutungwa kwa kuzingatia vina, ambavyo ni silabi za namna moja zinazorudiwa katikati na mwishoni mwa mishororo, pamoja na mizani, ambayo ni idadi ya silabi katika kila mshororo. Katika shairi la tarbia, ambalo ndilo lililoenea zaidi, kila ubeti huwa na mishororo minne, na kila mshororo kwa kawaida huwa na mizani 16 iliyogawanyika katika vipande viwili vya mizani 8, cha kwanza kikiitwa ukwapi na cha pili utao. Kanuni hizi zilipangwa na kuelezwa na Kaluta Amri Abedi, mshairi wa Ujiji aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na baadaye waziri, katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi kilichochapishwa mwaka 1954. Na kwa washairi wengi wa zama zake, utungo usio na vina na mizani haukustahili hata kuitwa shairi.

Miaka ya mwisho ya 1960 na ile ya 1970 ilileta kizazi cha waandishi waliopitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao wakaanza kutunga mashairi huru, ambayo hayafungwi na hesabu ya silabi wala ulinganifu wa vina. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974, akaeleza katika utangulizi wake kwamba alikusudia kuingiza katika ushairi lugha ya kawaida ya mazungumzo ya kila siku. Mwaka 1979 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kwamba vina na mizani si sharti la lazima la ushairi. Upande wa mapokeo, yaani wa wale walioshikilia desturi iliyorithiwa, nao haukunyamaza: mwaka 1984 Jumanne Mayoka alitoa kitabu alichokipa jina la Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka, na mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff alichapisha Tungo Zetu, kitabu kinachofafanua aina za tungo za Waswahili na mahali pake katika maisha yao.

Mabishano haya hayakuwa laini hata kidogo. Wanamapokeo waliwaambia wanausasa, yaani watetezi wa mashairi huru, kwamba wameshindwa kutunga kwa kanuni, kwamba wanauficha udhaifu huo kwa jina la uhuru, na kwamba wanaiga ushairi wa Ulaya. Wanausasa nao waliwaambia wenzao kwamba wameufunga ushairi katika hesabu ya silabi, wakaacha fikra nje ya mlango. Tuhuma hizi ni nzito, na aliyetupiwa hakosi kuumia. Hata hivyo zote zinapimika. Anayeambiwa kwamba hawezi kutunga kwa arudhi anaweza kutunga akaonesha, na Mulokozi na Kahigi walikuwa wakitunga kwa arudhi pia. Anayeambiwa kwamba mashairi ya vina hayana fikra anaweza kuwaelekeza wasomaji kwenye diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973, ambamo arudhi imebeba fikra nzito za kisiasa. Tuhuma zikijibika namna hii, ugomvi huzaa maarifa, kwa sababu kila upande hulazimika kurudi kwenye tungo zenyewe kutafuta ushahidi.

Pembeni ya hoja hizo yalisikika maneno ya aina nyingine, ya barazani zaidi kuliko ya vitabuni: kwamba watu wa bara hawawezi kuujua ushairi kwa kuwa hawakuzaliwa pwani, au kwamba washairi wa jadi ni wazee waliopitwa na wakati. Maneno ya namna hiyo hayakuhitaji kusoma hata ubeti mmoja, na laiti yangepimwa, yangeanguka mara moja. Mathias Mnyampala, aliyekuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa arudhi na ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayoghaniwa jukwaani, alikuwa Mgogo wa Dodoma, na Amri Abedi, mwandishi wa kitabu cha sheria zenyewe, alitoka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Kwa upande mwingine, Alamin Mazrui, aliyetunga mashairi huru katika diwani ya Chembe cha Moyo ya mwaka 1988, ni mzaliwa wa Mombasa, mji ambao wengi huuita kitovu cha ushairi wa jadi. Mahali alipozaliwa mtu hapakuweza kubashiri upande alioushika, wala kubashiri ubora wa alichokitunga.

Hatima ya maneno hayo ya aina mbili haikuwa moja. Hoja za vitabuni ziliingia madarasani, na leo mwanafunzi wa sekondari, awe wa Kenya au wa Tanzania, husoma mashairi ya arudhi na mashairi huru, akafundishwa sababu zilizotolewa na kila upande. Maneno ya kubezana kwa asili na kwa umri hayakumwachia mwalimu chochote cha kufundisha.

Mshororo mmoja, hukumu tatu

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi ikitazamwa kwa karibu. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi ametunga shairi la tarbia ambalo mishororo yake yote inaishia kwa kina cha -tu, kisha katika mshororo mmoja akaandika: “Elimu ni taa njema, huwamulikia watu wote.” Ukwapi wa mshororo huo umetimia, kwa kuwa e-li-mu-ni-ta-a-nje-ma ni mizani 8. Utao umezidi, kwa kuwa hu-wa-mu-li-ki-a-wa-tu-wo-te ni mizani 10, na neno la mwisho limeleta kina cha -te mahali palipotakiwa -tu. Kwa istilahi ya wanaarudhi, shairi lenye kasoro ya vina au mizani huitwa guni.

Mhakiki wa kwanza anaandika kwamba utao una mizani 10 badala ya 8, kwamba kina cha mwisho kimevunjika, na kwamba neno “wote” likiondolewa mshororo utakaa sawa bila maana kupungua. Anaongeza kwamba kuifananisha elimu na taa kumetumika mno, hata taswira hiyo haimshtui tena msomaji, na kwamba mtunzi hajaonesha bado kama ana jambo lake mwenyewe la kusema. Wa pili anaandika kwamba mtunzi arudi chekechea akajifunze kuhesabu vidole kabla ya kujiita malenga. Wa tatu anaandika kwa upole kabisa kwamba, kwa mtu wa bara, mtunzi amejitahidi na anastahili pongezi.

Hukumu ya kwanza ndiyo kali kuliko zote, kwa kuwa imegusa umbo na maudhui, na imemwambia mtunzi jambo zito kwamba hana bado sauti yake. Lakini imemwachia kazi ya kufanya jioni hiyohiyo, na imemwachia pia haki ya kubisha, kwa mfano kwa kusema kwamba aliizidisha mizani kwa makusudi. Hukumu ya pili ina chembe ya ukweli ndani yake, maana ni kweli kwamba hesabu imekosewa, ila ukweli huo umefukiwa chini ya kicheko, na mtunzi hajui ni mshororo upi wala ni silabi ipi. Hukumu ya tatu haina neno baya hata moja, nayo huenda ikapokewa kwa shukrani, lakini kipimo chake ni asili ya mtunzi na si shairi lake, na ndani yake mna hukumu iliyokwisha kutolewa juu ya kila mtu wa bara kabla hajashika kalamu.

Kutokana na mfano huu hupatikana kipimo chepesi ambacho msomaji anaweza kukitumia mahali popote, nacho ni kubadilisha jina la anayesemwa. Shairi hilohilo likisemwa kuwa limetungwa na malenga mashuhuri wa Lamu, hukumu ya kwanza itabaki vilevile, neno kwa neno, kwa kuwa mizani 10 ni 10 mikononi mwa yeyote. Hukumu ya pili itapoteza ladha yake, na ya tatu itakosa maana kabisa. Kauli inayobaki imara baada ya jina kubadilishwa huwa inahusu kazi. Inayoanguka huwa ilimhusu mtu.

Mzaha wenye ruhusa

Haifai kuhitimisha kutokana na hayo kwamba kila mzaha ni uovu, kwa sababu utamaduni wa Waswahili na wa majirani zao umeupa mzaha mahali pake na mipaka yake. Utani, ambao ni uhusiano wa kuchezeana kwa maneno kati ya watu wa ukoo au kati ya makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo au wa Wahehe na Wangoni, humruhusu mtani kumwambia mwenzake maneno ambayo yangezua ugomvi yakitoka kwa mtu mwingine. Hata msibani mtani huweza kuigiza, kudai fedha na kumsema marehemu, na wafiwa hawapaswi kukasirika. Ruhusa hiyo hujengwa juu ya masharti mawili: kwamba uhusiano wenyewe unajulikana na wote, na kwamba anayetaniwa leo ana haki ileile ya kutania kesho. Mtani ana wajibu pia, kwani katika makabila mengi ndiye anayeshika kazi na huduma za msibani.

Malumbano ya washairi nayo yalikuwa na sheria zake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika kipindi ambacho uhasama wa miji hiyo ulifikia vita vya Shela, mnamo mwaka 1812. Maneno yao yalikuwa na vitisho na vijembe, lakini desturi ya kujibizana ilimtaka anayejibu aishike bahari ya mwenzake, yaani umbo la utungo wake, na aghalabu avishike hata vina vyake. Sharti hilo la ufundi lilikuwa na faida isiyoonekana haraka, kwamba hakuna aliyeweza kujibu bila kwanza kuusikiliza utungo wa mpinzani, kuuhesabu na kuuelewa. Nyimbo za mipasho zilizovuma katika taarabu ya miaka ya 1990, wakati vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano vilipokuwa vikishindana jukwaani, zilikuwa kali zaidi na zilikaribia mpaka wa matusi, ila kwa kawaida mlengwa hakutajwa kwa jina wimboni, na hadhira ilijua kwamba imekuja kutazama mashindano.

Mambo yanayouhalalisha mzaha wa namna hii ni ridhaa, usawa na mahali. Yule anayechezewa amekubali mchezo, ana uwezo wa kujibu, na maneno hayavuki nje ya baraza, msiba au jukwaa yaliyokusudiwa. Mzaha ukimwangukia asiyekubali, asiyeweza kujibu, au ukapelekwa ofisini na darasani ambako mmoja ana cheo juu ya mwingine, hauwi utani tena hata kama msemaji anacheka. Mwalimu anayemtania mwanafunzi mbele ya darasa kwa lafudhi yake hana utani naye, kwa kuwa mwanafunzi huyo hathubutu kumrudishia.

Ukosoaji mbele ya wenye mamlaka

Suala la cheo lina upande wa pili, ambao ni wa mtu mdogo anapomkosoa mkubwa. Hapo hatari kubwa zaidi si kwamba ukosoaji utageuka matusi, bali kwamba utaitwa matusi na yule usiyempendeza. Shaaban Robert alilionesha jambo hili katika Kusadikika, riwaya fupi iliyotoka mwaka 1951 wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Karama anashtakiwa na waziri aitwaye Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria, na katika kujitetea hamrudishii mshtaki wake matusi. Anasimulia mmoja mmoja visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, wakarudi nayo, wakaishia gerezani. Utetezi huo ni ukosoaji mkali wa utawala mzima, lakini kila sehemu yake ni kisa kinachoweza kuchunguzwa, na uchunguzi huo ndio unaoishinda hoja ya mshtaki.

Katika historia halisi mambo hayakwenda vizuri hivyo kila mara. Abdilatif Abdalla aliandika mwaka 1968 waraka wa Kenya: Twendapi?, uliohoji mwelekeo wa serikali ya wakati huo, akafungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga akiwa gerezani. Swali lililoulizwa na waraka ule lilikuwa na majibu yanayowezekana, na jibu la kifungo halikuwa mojawapo.

Ndiyo maana tashtiti, yaani sanaa inayochekesha ili ifichue uovu au upuuzi, hupewa uhuru zaidi inapomwelekea mwenye mamlaka. Wachoraji wa vikatuni kama Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, Mtanzania aliyechora kwa miaka mingi katika gazeti la Daily Nation la Nairobi, huwakuza pua na matumbo viongozi, na picha hizo zikiondolewa maelezo yake zingeonekana ni dhihaka tupu. Kinachozitofautisha na dhihaka ni kwamba kichekesho hicho kimefungwa kwenye tendo la hadharani, kama vile ahadi iliyovunjwa au fedha za umma zilizopotea, na mtazamaji akiulizwa anacheka nini, ataweza kulitaja tendo hilo. Kikatuni kinachocheka kabila la kiongozi au ulemavu wake hakina jibu la namna hiyo.

Sheria nazo zimejaribu kuuchora mpaka huu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 33, zote zinalinda uhuru wa mtu kutoa maoni, na hiyo ya Kenya inataja wazi kwamba uhuru huo hauhusishi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kumharibia mtu jina kuwa kosa la jinai, kilikwenda kinyume cha Katiba. Aliyeharibiwa jina alibakiwa na njia ya madai, yaani ya kudai fidia. Hata hivyo sheria hushughulikia madhara makubwa tu, nayo haiwezi kumfundisha mtu staha. Maneno mengi yanayovunja mioyo ya watu kazini, shuleni na nyumbani hayafiki mahakamani, na hayafai kufika huko.

Wajibu wa pande mbili

Kwa sababu hiyo mzigo unabaki kwa wasemaji na wasikilizaji wenyewe. Anayetaka kukosoa ana wajibu wa kulijua kwanza jambo analolisema, kulieleza kwa namna ambayo mwenye nalo angekiri kwamba ndilo alilolisema, kutaja kipimo anachokitumia, na kuonesha mahali hasa penye kasoro. Ana wajibu pia wa kuchagua mahali. Mafundisho ya dini mbili kuu za eneo hili yanahimiza staha ya namna hii: Kurani, katika sura ya 49, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na Injili ya Mathayo, katika sura ya 18, inaelekeza kwamba aliyekosewa aanze kumwendea mkosaji wakiwa peke yao. Kosa la mtu binafsi husemwa faraghani kwanza. Kitabu kilichochapishwa, bajeti iliyosomwa bungeni au tamko lililotolewa hadharani hukosolewa hadharani, kwa kuwa mwenyewe alikwisha kukipeleka huko.

Anayekosolewa naye ana wajibu wake, ambao husahauliwa mara nyingi. Maumivu si ushahidi wa kutukanwa, kwa kuwa hukumu ya kweli juu ya kazi iliyomgharimu mtu miaka mingi huuma hata ikisemwa kwa lugha ya asali. Kabla ya kulalamika kwamba amevunjiwa heshima, anapaswa kujiuliza kama yaliyosemwa yanataja kazi yake, kama yanaweza kuthibitishwa, na kama yakithibitishwa yapo ya kurekebishwa. Majibu yakiwa ndiyo, alichopokea ni ukosoaji, na jibu lake ni ama kurekebisha ama kuleta ushahidi wa kupinga. Majibu yakiwa siyo, hadaiwi jibu na mtu yeyote.

Wasikilizaji ndio walioshika uamuzi wa mwisho, maana dhihaka huishi kwa kicheko chao. Baraza lililozoea kumuuliza kila msemaji aoneshe mshororo wenye kasoro litapata wahakiki, na lile lililozoea kumpigia makofi anayeuma zaidi litapata watukanaji, kwa kuwa watu husema kile wanachokijua kitapokewa. Msomaji anayetaka jamii yenye kusahihishana aanze na swali hilo moja kila anaposikia mtu akisemwa vibaya: kasoro iko wapi? Asiyeweza kuionesha hajakosoa, na hastahili kushangiliwa.